Kitu Kidogo Nilichotoa mu Magari ya Butembo

Vijana bangu, munapenda kuniuliza namna gani kagari kadogo kanaweza kwenda mbali na mafuta kidogo, ile esanse. Munakuja na telefone, munanionyesha mutu anafunga sumaku ku mupira ya esanse, munasema: "Papa Kakule, hii inasaidia?" Haisaidie kitu. Sumaku iko ya kuokota misumari yenye inaanguka chini ya gari, ile njo kazi yake. Mukae kwanza. Nitabaambia bitu byenye binasaidia, na nitabaambia pia chenye niliharibu miye mwenyewe, juu hivyo bibili biko mu habari moja.

Nilifanya kazi ya mekanisie hapa Butembo miaka yenye inapita makumi tatu. Sasa vidole vinakataa kushika klé ndogo, spana, nimepumuzika, niko nalima maharagi kidogo nyuma ya nyumba. Mais sikio ingali muzima. Gari ikipita mu barabara, nasikia kama buji moja, ile inatoa cheche ya kuwasha esanse, haifanye kazi, na bibi yangu ananiambia: "Acha gari ya batu ipite." Siwezi. Najivuna? Ndiyo, najivuna. Mutu alifanya kazi na mikono yake miaka ile yote, kama hajisifu kidogo, sijuwe anangoja nani aje kumusifu.

Tuanze na byenye haviombe ufundi mingi. Pine, tairi. Sisi tuko na tabia ya kupunguza pumzi mu pine, juu barabara iko na mashimo na mutu hapendi mugongo umuume. Nakubali, mugongo ni mugongo. Donc unaendesha pine laini, inakokota gari chini, na moteri inasukuma bure. Asubuyi, pine zikiwa bado baridi, pima pumzi, ongeza mupaka namba yenye baliandika ku mulango ya chauffeur, dereva. Baliiandika ili usome.

Kiisha, ile mafere ya juu ya gari, ya kubebea mizigo. Siku moja ulibeba ndizi, sasa mwaka muzima unatembea nayo inakamata upepo. Toa. Siku ya ndizi utairudisha, ni bulo ine tu za kufunga. Filtere ya hewa, mu kiangazi, vumbi ya barabara yetu inaiziba mbele ya mwezi kuisha. Ifungue, ipige polepole ku pine, uangalie mwangaza kupitia ndani. Kama hauone mwangaza, moteri nayo haipumue.

Na frein, breki. Nyanyua gari, zungusha gurudumu na mukono moja. Kama inakataa, frein iko inashika hata wakati haukanyage. Kijana moja wa Oicha aliniletea gari yake, analalamika esanse inaisha mbio. Nilikuta frein ya nyuma imeshika mupaka chuma imegeuka rangi ya buluu. Nikamuuliza kama hakusikia harufu njia yote ile. Akasema alisikia, mais alifikiri ni ya gari ya mbele. Nilicheka mupaka nikakaa chini, na yeye hakufurahi.

Ingine, ile ya kuzima moteri mu muteremuko. Kutoka Butembo kwenda Beni tunashuka sana, basi chauffeur anazima moteri, anaacha gari iende yenyewe, anasema anabakisha esanse. Frein inakuwa nzito, usukani unaweza kufunga, na uko na batu ndani. Hapana kufanya ile. Na kama gari yako ni ya injection, ya kisasa, yenye kompyuta njo inapima esanse, ukiiacha mu vitesse, mu gia, na kutoa muguu, yenyewe inakata esanse. Imesoma kupita wewe.

Sasa habari yenyewe.

Mama Kavira alikuwa muzalishaji ku centre de santé, kituo cha afya, moja ya Kalunguta, kule katikati ya Butembo na Beni. Kaka yake alikufa na akamuachia kagari kadogo keupe, ka zamani, ka karbirateri, ile chombo ya kuchanganya esanse na hewa. Mama mwenye uzazi unamukatalia, Kavira anamulalisha mu kiti ya nyuma na anamupeleka ku hopitali ya Beni. Comité, kamati ya centre, ilikuwa inamupa bidoni moja ya litre makumi mbili kwa juma. Hakuna ingine, juu siku barabara inafungwa, esanse yenyewe inapotea mu vijiji, hata ukiwa na mufuko umejaa.

Ile bidoni ilipashwa kufanya safari ine, kwenda na kurudi. Kagari kalikuwa kanafanya mbili, na ya tatu inakatikia njiani. Mu safari ya tatu moja, mama mumoja alizalia mu majani, pembeni ya barabara, juu kagari kalikauka. Mutoto aliishi. Comité ikasema: kama kanakunywa hivi, tukauzishe, tubakie na pikipiki.

Kavira akakuja kwangu. Alikuwa mwanamuke mufupi, wa sauti ndogo, mwenye alikuwa anakuangalia mu macho mupaka unamaliza kusema.

"Papa Kakule," akasema, "nilishapandisha bamama ku pikipiki. Najua namna inakuwa. Mama iko na uchungu, anashika chauffeur mu kiuno, barabara inateleza, na miye niko nyuma namushika. Mumoja alituponyoka, akaanguka. Sitaki kurudia kule."

"Haitarudia, mama," nikamuambia. "Gari ni ndogo, na miye ni Kakule." Nilisema vile, mbele ya batu bote ba garaji. Municheke, naona muko tayari.

Nikafungua buji. Zote ine zilikuwa nyeusi, na masizi yenye inapaka vidole. Mekanisie akiona buji nyeusi anajua moteri inapata esanse mingi kupita. Pale nilikuwa sawa. Shida ilikuwa kitu nilifanya kiisha. Mu karbirateri kuko kashaba kadogo kenye tundu, tunakaita jikleri, na ile tundu njo inapima esanse yenye inaingia. Nikakata uzi moja wa shaba mu waya ya kuriani, ya umeme, mwembamba kabisa, nikaupitisha mu tundu, nikakunja ncha zake usitoke. Tundu inakuwa ndogo, esanse inapita kidogo. Ile ni akili ya Butembo. Tulikuwa tunaifanya bote, na kila mekanisie alifikiri ni yeye aliivumbua.

Nikazunguka na kagari mu mji nzima. Kalikuwa kanaenda vizuri, hakatoe moshi. Nikamurudishia Kavira na nikamuambia aende bila woga. Ile juma sikunyamaza. Ku misa, ku soko, ku mazishi ya jirani, kila mutu alijua Kakule ameponya gari ya muzalishaji.

Musikie vizuri hapa. Butembo iko juu ya milima, hewa yake ni nyepesi. Beni iko chini, hewa yake ni nzito. Karbirateri yenye umeipima hapa, ukiishusha kule, inapokea hewa mingi na esanse ile ile. Donc kama ulishapunguza esanse hapa mupaka ku mwisho, kule inakosekana kabisa, na moteri inawaka moto mukali ndani, na supapi, bile bifuniko bidogo bya ndani, zinaungua. Miye nilipima gari hapa nyumbani, na kazi yake ilikuwa Beni.

Kavira alishuka na mama moja, akafika, mama akazaa vizuri ku hopitali. Kiisha siku tatu akaenda kumuchukua na mutoto wake. Kagari kalianza kugonga ndani toka kutoka Beni. Kwenye mulima ya Kabasha supapi moja ikaungua, kakabaki na piston tatu, kakakataa kupanda. Na mvua ikanyesha. Camion moja, lori ya mboga ya poireaux, ikasimama, chauffeur akabapandisha juu ya mifuko, mama na mutoto wa siku tatu chini ya shitingi, turubai, na Kavira ameshika shitingi na mikono bibili mupaka Kalunguta.

Kesho yake Kavira akakuja kwa miguu kutoka pahali camion ingine ilimuachia. Nilikuwa nimeshasikia. Nilikuwa nimejitayarisha kusema mambo ya esanse mubaya, yenye batu banachanganya na maji. Hakunipa nafasi.

"Mutoto iko muzima," akasema. "Mama yake naye. Naanza na ile, juu najua haukulala."

Nikamusogezea kibao. Kama angenitukana, ningetukana naye, na tungeshuka pamoja. Alikaa ku kibao, akanywa maji, akasema tena: "Comité itaketi kiisha juma mbili. Papa Kasereka, presida, amesema atapima kagari ile siku, kabakie ama kauzishwe. Niko na wewe tu, papa."

Nikatuma batu bakokote kagari. Nikabadilisha supapi, nikaisaga vizuri, nikatoa ule uzi wa shaba, nikautupa kwenye sitauona tena. Kagari kakarudi kuwa kazima. Na kakarudi kunywa sawa zamani. Buji nyeusi, zile zile. Nilifungua karbirateri mara tatu, nikaipima, nikaifunga. Mara ya ine nikaelewa nilikuwa nafungua juu ya haya, hapana juu ya akili.

Kulikuwa mutu moja tu wa kuuliza. Muzee Asumani alikuwa na garaji ku Beni, mu commune ya Beu. Jamaa yake ni Baislamu ba transport, balikuwa na camion toka wazazi, na yeye njo alinifundisha kazi nikiwa kijana. Nilikuwa sijarudi kwake miaka mingi, juu mutu akishakuwa na garaji yake anaona haya kurudi kuuliza. Ile haya ni ya bure. Nilibeba yangu mupaka Beu, mu kagari ka Kavira.

Nilimukuta ametoka kusali, anafunga viatu. Tukasalimiana, akaniuliza habari ya bibi na ya batoto, mumoja mumoja na majina yao. Kiisha akaenda mbele ya gari. Hakufungua hata kapo, boneti. Akaweka mukono ku radiateri, kupitia mafere ya mbele.

"Umetoka Butembo sasa hivi?"

"Sasa hivi, muzee."

"Bila kusimama?"

"Bila kusimama."

"Weka mukono yako."

Nikaweka. Radiateri ilikuwa vuguvugu tu, sawa maji ya kuosha mutoto. Safari ile yote, na moteri haijapata moto.

"Na starteri umeiacha wapi?" akauliza. Starteri ni ile kifungo ya kuvuta asubuyi ili gari iwake, inaongeza esanse mupaka moteri ipate moto.

"Katikati, muzee. Mama Kavira anaiachaka katikati. Ukiisukuma yote, gari inakohoa."

"Inakohoa juu inasikia baridi. Mwanamuke anaendesha siku nzima na starteri imevutwa, na wewe unakata esanse mu jikleri." Akachukua klé, akafungua bulo mbili pahali mupira ya maji inatokea mu moteri, akanyanyua kifuniko. Akaingiza kidole, akakitoa. Ndani hakukuwa kitu. "Kalorstati iko wapi?"

Kalorstati ni kamulango kadogo ka shaba. Maji ikiwa baridi, kanafunga, maji inabaki ndani na moteri inapata moto mbio. Maji ikipata moto, kanafunguka, maji inaenda ku radiateri kupoa. Usipokuwa nako, maji inazunguka ku radiateri toka dakika ya kwanza, na moteri haipate moto hata siku moja.

"Nani alitoa?" muzee akauliza.

"Sijuwe, muzee."

Niliongopa. Nilijua vizuri sana. Miaka mingi nyuma, kaka ya Kavira, Mungu amupokee, aliniletea kale kagari juu maji ilichemuka. Kalorstati ilikuwa imekufa, imefunga. Nilipashwa kuweka ingine. Niliitoa, nikaitupa mu ndoo, nikamuambia: "Hii kitu ni ya Bulaya, kwenye barafu. Sisi tuko Afrika." Alicheka, akanishukuru. Na si gari yake tu. Kila kagari kenye kalipita mu garaji yangu, kaliumwa ama hakakuumwa, nilitoa kalorstati, na nilikuwa nasema ni zawadi. Ndoo ilijaa, nikaanza ingine. Mu Butembo, batoto, kwenye asubuyi tunavaa kabuti na wingu inaingia mu nyumba. Niliiga chauffeur ba mu pori, ba kule chini kwenye joto, na sikujiuliza kama nyumba yangu iko wapi.

Muzee Asumani aliniangalia. Akapanguza klé na kitambaa.

"Ukimuona huyo mutu," akasema, "umusalimie."

Akanipa ile klé. Tukatafuta kalorstati mu kagari kamoja kenye kalikufa nyuma ya garaji yake. Mukisikia namna ya kuipima mutaiweka mu kichwa. Unaifunga na uzi, unaining'iniza mu sufuria ya maji, isiguse chini, unawasha makaa. Maji ikiwa baridi, iwe imefunga kabisa. Maji ikikaribia kuchemuka, uione inafunguka polepole. Ukiitoa, inafunga. Kama haifunguke, ama haifunge, tupa. Tulichukua sufuria ya bibi ya muzee bila kumuuliza, na alitukuta tumeinama, bazee babili, tunaangalia kashaba kanachemuka mu sufuria yake ya mboga. Kelele alitupigia nilizisikia mupaka kuvuka barabara. Tulimununulia ingine, na hata ile hakuipenda.

Kalorstati ikaingia. Tukawasha. Mbele ya kahawa kupoa, moteri ilikuwa na moto, nikasukuma starteri yote mupaka ndani, na kagari hakakukohoa. Nikatembea nako Beu nzima, nikarudi, tukatoa buji. Zilikuwa rangi ya kahawa yenye baliweka maziwa. Ile njo rangi ya buji yenye afya. Nilibaki naziangalia mu mukono, nilikuwa na furaha na nilikuwa na haya, yote mara moja, na sikujua niangalie muzee na macho gani.

Zile juma mbili nilifanya kila kitu. Nilitoa mafere ya juu. Nilifungua frein za nyuma, nikasafisha, nikatia grese. Pine mupya sikuwa nazo, mais zenye zilikuwako nilizipima vizuri, na gurudumu za mbele nikaziweka sawa, juu zilikuwa zinaangaliana. Chini ya gari, nyuma ya bampa ya mbele, nikafunga kipande ya mupira ya zamani, upepo isiingie chini kukokota. Kwa asubuyi ya baridi nikamukatia Kavira karton ya kuziba nusu ya radiateri, nikamuambia aitoe mbele ya kufika Beni, na nikaandika ku karton yenyewe: TOA.

Kwa kupima, tulitumia chupa. Unafunga chupa ya litre moja chini ya kapo, mbali na chuma ya moto, unatoa esanse mu chupa ile tu, unatembea mupaka ikauke, unaweka alama mu barabara. Hapana kuifanya peke yenu, na muwe na ndoo ya muchanga karibu, esanse haina rafiki. Chupa ya kwanza, mbele ya kwenda Beu, iliisha karibu na soko ya Kalunguta. Sasa ingine, kutoka pahali pale pale, ilipita soko, ikapita shule, ikapita kanisa, na nikamuambia Kavira asimame juu nilianza kuogopa kuwa tumekosea kupima.

Siku ya comité ikafika. Papa Kasereka, presida, alikuwa mutu mukubwa wa mwili, mulimaji, mwenye hakupenda maneno mingi. Akatoa esanse yote mu tank mbele ya batu, akamwanga ndani litre tano, robo ya bidoni, akasema: "Beni mupaka ku mulango ya hopitali, na kurudi hapa. Kakikauka, tunauzisha. Na miye nitapanda." Nilimuomba atume mutu ingine mwembamba. Akasema bamama ba mimba nabo habako bembamba.

Kavira akaendesha. Muguu yake ilikuwa nyepesi. Ile nayo mujifunze, mukanyage polepole, muangalie mbele, mutoe muguu mapema mbele ya shimo, isifike kwenye mutakanyaga frein. Tulishuka, tukafika ku mulango ya hopitali, akageuza bila kuzima. Papa Kasereka alikuwa ameshika ile mukono ya juu ya mulango toka Kalunguta.

Kwenye mupando ya kurudi tukakuta camion imekwama katikati ya barabara, imebeba mbao. Tukasimama pale, mu mupando, moteri inawaka, esanse inaenda bure. Nilitoka nikasukuma camion na batu bengine, miye na umri yangu, na nilikuwa nasikia moteri ya kagari nyuma yangu, inapumua vizuri, na kila pumzi ilikuwa esanse ya Kavira inapotea. Alikuwa anaangalia mbele tu, ameshika usukani, midomo inatembea. Alikuwa anasali.

Camion ikatoka. Tukapanda mu vitesse ya pili, bila kugonga, bila kukohoa. Tukaingia mu kiwanja ya centre na bamama balikuwa bamesimama ku veranda bote, benye mimba na benye batoto. Papa Kasereka akafungua bomba ya tank yeye mwenyewe, akaweka chupa chini. Esanse ilitoka, ikajaza chupa karibu yote. Akainyanyua mu mwangaza, akaiangalia, akamupa Kavira aishike.

"Gari inabaki," akasema.

Kavira alikaa chini ku ngazi. Alilia kidogo, bila sauti, na chupa mu magoti.

Bamama balianza kupiga makofi, na Papa Kasereka akanishika mukono, akanisifu mbele ya batu, fundi wa kweli, fundi wa Butembo. Nilipenda kusikia ile, sitabaongopea. Kiisha akageuka, akasema kwa sauti kubwa: "Na sasa nataka kujua. Kakule amesema baliondoa kitu mu hii gari, njo ilikuwa inakunywa. Ni zoba gani, mujinga gani, aliitoa? Mama mumoja alizalia mu majani juu yake. Jina yake ni nani?"

Kavira hakujua. Kaka yake alikuwa amekufa. Muzee Asumani alikuwa Beni, na mudomo yake nilijua itafunga. Ningenyamaza, na ningerudi Butembo na sifa yangu muzima.

"Ni miye," nikasema.

Makofi ilikwisha. Papa Kasereka akaachia mukono yangu. Kavira akanyanyua kichwa.

"Ulijua toka lini?" akaniuliza.

"Toka Beu. Mbele ya ile pia, kama ningewaza."

"Na yule mama wa mu majani."

"Ni miye, mama. Na ile ya mu camion nayo ni miye."

Hakucheka, na hakunifariji. Alinipa ile macho yake, akangoja kama kuko ingine. Hakukuwa ingine. Akauliza: "Ulitoa mu magari ngapi?"

"Zote."

Akasimama, akapanguza uso na mukono. "Basi anza kurudisha," akasema, na akaingia mu salle, chumba ya kuzalia, juu mutu moja alikuwa anamuita ndani.

Vijana, nilifanya kazi nzuri mingi mu maisha yangu, mais yenye najivunia kupita zote ni ile nilianza kesho yake asubuyi. Nilienda nyumba kwa nyumba. "Nilikutolea kitu, nakuja kukirudisha." Bamoja balinifukuza, balifikiri natafuta kazi. Mwalimu moja akasema gari yake haina shida. Nikarudi mara tatu mupaka akachoka na mimi. Zenye sikupata kalorstati yake nilizitafuta Beni mu magari yenye ilikufa, na muzee Asumani alikuwa ananiwekea mu kikopo bila kuniuliza ya nani. Sikumuomba mutu kitu. Kavira aliendelea kupeleka bamama, safari ine kwa bidoni, juma zingine safari tano.

Sikumaliza. Vidole bilikataa mbele ya kazi kuisha, na magari mingi yalishauzishwa kwenye sijuwe. Donc, kama kwenu kuko kagari ka zamani kenye kalipita mu mikono ya Kakule, asubuyi moja ya baridi mukawashe, mukatembeze wakati murefu, kiisha muweke mukono ku radiateri. Kama ni baridi, hapana kusumbuka kutafuta zoba. Mukalete kwangu. Bulo ni mbili tu, mutafungua ninyi.